Miamba ya Sebuleni

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Kimya alivusha meli moja kwenye kompyuta, kutoka bandari ya chini hadi ya juu. Jina hilo la Kimya alibandikwa na wenzake kazini, likamkaa. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa vita vya baharini, na yeye ndiye aliyepewa kuongeza hatari za asili: miamba, mafungu ya mchanga, ukungu, mikondo inayozunguka. Wenzake walioijaribu bahari yake walizamisha meli zote.

Leo meli haikufika hata nusu ya safari. Mlango uligongwa, akaingia kaka yake na simu mkononi. Alifuata jibu moja tu: nyumba ya marehemu wazazi wao iuzwe au isiuzwe. Dalali angepiga wakati wowote. Kimya alishaulizwa mara kadhaa, naye kila mara alijibu, "Utakavyoona wewe."

"Nipishe nicheze kidogo huku ukifikiri," kaka alisema, akivuta kiti.

"Utazama hata hujakohoa."

"Nani? Mdogo wangu, mimi nahodha tangu tumboni mwa mama."

Akaupita mwamba wa kwanza kwa kushoto. Akasubiri mkondo ugeuke, akapenya. Ukungu ulipofunika kioo chote, hata hakupunguza mwendo.

"Umejuaje njia?" Kimya aliuliza, mdomo wazi.

"Njia gani? Si sebule ya mama hii! Viatu vya baba hivi hapa mlangoni. Ndoo ya maji hii, pembeni. Na huu ukungu ni mvuke wa sufuria, mama akifunua."

Kimya akaitazama ramani kana kwamba kaichora mtu mwingine. Kila mwamba aliuweka kwa mkono wake, akidhani anatafuta tu pa kuwasumbua wachezaji. Kumbe mkono ulikuwa ukikumbuka sakafu nyekundu ya saruji, watoto wawili wamelala kifudifudi wakisukuma visanduku vya kiberiti, aliyegonga kiatu cha baba akipiga kelele, "Nimepasuka!" Kisha mama angetokea na ufagio, akazoa meli za pande zote mbili. Wakilalamika, angesema, "Dhoruba haina rufaa." Kimya akajikuta ameyatamka maneno hayo kwa sauti.

"Haina rufaa," kaka alinong'ona, kana kwamba na yeye yuko palepale. Wakacheka hadi machozi yakawatoka, kisha kicheko kikawaishia wote kwa pamoja.

Simu ikaita. Kaka akaiangalia, hakuipokea.

"Dalali huyo. Nimwambieje? Na usinipe tena ile 'utakavyoona' yako, tafadhali."

Kimya aliitazama sakafu, kisha akayainua macho.

"Mwambie haiuzwi," alisema. "Sijawahi kutaka iuzwe, kaka. Niliogopa tu kukukatalia. Nataka kurudi kuishi pale."