Waliulizwa Wanaume

Wataalamu wa mambo ya kale walipokuja Nandagala mwaka 2004, ufuta ukiwa umeshavunwa, waliwauliza wanaume kama kilimani kuna makaburi. Wanaume wetu, ambao hawajawahi kukosa jibu, wakasema hakuna. Sisi wanawake tulikuwa nyuma tunamenya mihogo ya wageni, na hakuna aliyetugeukia.

Kwetu mtoto akizaliwa mfu tunamzika wenyewe, wanawake. Mwanamume hafuati wala haulizi, na matanga hayawekwi. Wangu nilimzika kilimani mwaka 1993, kwa sababu udongo wa pale una majivu, ni laini. Kumbe ni laini kwa kuwa watu wa zamani sana waliishi pale na kuzikana palepale.

Nilijipa moyo kwamba watachimba upande mwingine. Siku ya mwisho nikasikia wamepata mifupa ya mtoto mchanga kando ya kaburi la kale, na kwamba Teddy, dada aliyewaongoza, anasema ni wa maelfu ya miaka. Tayari walikuwa wanapakia maboksi kwenye gari la kwenda Dar.

Niliacha ungo nikakimbia. Mume wangu Ildefonsi, aliyekuwa kibarua wao, ndiye niliyemkuta amebeba boksi lenyewe.

"Huyo ni mwanangu," nikamwambia Teddy.

Mzee mmoja akaniambia nione haya, mambo hayo hayasemwi mbele za wanaume. Nikamjibu kwamba haya nimeziona vya kutosha.

Teddy akaniuliza kwa upole nina alama gani. Nikamwambia kuna jiwe la kusagia lililovunjika. Nililiokota palepale kilimani, nikamfunika nalo ili fisi wasimfukue.

Jiwe hilo ndilo lililowafanya waseme mtoto ni wa kale. Teddy akabandua karatasi yenye namba juu ya boksi, akasema nimchukue, na akaniomba radhi.

Lakini Ildefonsi hakunipa. Alisimama analitazama lile boksi.

"Mama Abel," akasema, "alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

Akakaa chini kwenye vumbi, boksi mapajani, akalia mbele za watu wote. Miaka kumi na moja nilimchukia kimoyomoyo nikidhani hakutaka kujua. Nilikaa karibu yake, nikamshika mkono, nami nikalia.