Asilimia Mia ya Mkurugenzi

Katika taasisi yetu ya utafiti wa afya, Jumatatu huanza kwa sala, na sala ikiisha Mkurugenzi hupekua ripoti akiwinda maneno ya mashaka. "Huenda" ilipigwa marufuku kwanza, ikafuata "pengine", kisha "inaonekana". Mimi ni mtakwimu, kazi niliyojifunza kwenye madarasa ya jioni nikiwa tayari na mvi, na bila maneno hayo ni kama seremala aliyenyang'anywa msumeno. Hata hivyo nilisema amina pamoja na wenzangu.

Jumatatu hiyo ripoti ilihusu Majani, kinywaji cha unga wa kijani ambacho taasisi ilikuwa imekijaribu kwa wagonjwa wa presha. Mkurugenzi alifika kwenye mstari wa matokeo, akavua miwani.

"Dada yangu, umeandika uhakika wa asilimia tisini na tano. Hizi tano umempa nani?"

Mhasibu akacheka kwa pua.

"Sijampa mtu, Bosi. Ni kama mtego. Tukirudia utafiti huu mara mia, na kila mara tukatega, mitego kama tisini na mitano itanasa jibu la kweli. Mingine itakosa."

"Na huu wetu umenasa nini?"

"Kuanzia kupandisha presha pointi nne mpaka kuishusha pointi kumi. Kama tumenasa jibu, liko popote humo. Hata sifuri imo. Yaani hatujui kama Majani yanasaidia."

"Shida yako ni imani," alisema kwa upole, kama mtu anayemtembelea mgonjwa. "Tega mtego usiokosa. Asilimia mia."

"Mtego usiokosa kamwe hauna mwisho, Bosi. Itabidi tuseme presha itashuka kiasi chochote, au itapanda kiasi chochote."

"Lakini hapo utakuwa na uhakika?"

"Kabisa."

"Basi andika."

Nikaandika. Ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote zilizowahi kutoka ofisini kwetu.

Wiki hiyo hiyo mabango yakabandikwa mjini. Juu kulikuwa na maneno mekundu, UHAKIKA ASILIMIA MIA, katikati mzee anayecheka, na chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji tochi, sentensi yangu.

Nyumbani ninakaa na shangazi yangu, aliyenilea. Aliwahi kuanguka jikoni kwa sababu ya presha, mdomo ukaenda upande, na tangu hapo vidonge vyake vilikuwa haviachani na kikombe cha chai ya asubuhi. Siku moja nilikuta kikombe kina kitu cha kijani.

"Shangazi, vidonge vyako?"

"Nimevipumzisha."

"Nani kakwambia?"

"Taasisi yenu. Wana mia. Wewe nikikuuliza kama maharage yameiva, unaniambia tisini na tano."

Nilimweleza habari ya mtego. Akaniambia nikatege panya wa stoo. Kisha akaniambia, macho yakimng'aa, kwamba Mkurugenzi amemwalika kwenye uzinduzi wa Majani kesho. Atapanda jukwaani na kuvitupa vidonge vyake kwenye ndoo mbele ya watu. "Ndoo mpya kabisa," alisema. "Ina nembo."

Usiku huo niliomba Mungu anipe maneno. Kesho yake nilipewa kipaza sauti.

Uwanja wa taasisi ulikuwa umejaa viti vya plastiki. Afisa Uhusiano alinisukuma mbele nisome matokeo kwenye bango, akininong'oneza nisome mstari mwekundu tu. Nikauruka, nikasoma wa chini, polepole:

"Tuna uhakika wa asilimia mia kwamba Majani yatashusha presha, au yataipandisha, au yataiacha ilivyo, kwa kiasi chochote."

Kisha Mgeni Rasmi akapiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata. Alisema katika miaka yake yote ya siasa hajawahi kusikia ahadi iliyokamilika namna ile. Mkurugenzi akainama kwa unyenyekevu. Mhasibu alikuwa ameuficha uso kwenye leso, mabega yakimtikisika.

Shangazi, aliyekuwa ameshaitwa na kusimama karibu na ndoo, pakiti ya vidonge mkononi, hakupiga makofi.

"Amesema kupandisha?"

"Mama, hiyo ni lugha ya kitaalamu tu," alisema Mkurugenzi.

"Baba, mimi nilianguka nikawa naongea kwa upande mmoja wa mdomo. Kupanda nakujua, hakuna utaalamu." Akanigeukia. "Na hivi vidonge vyangu? Navyo hupandisha?"

"Hivyo vilipimwa kwa watu wengi sana, Shangazi, ndiyo maana masafa ya mtego wake ni mafupi. Yanaanzia kushusha pointi saba, yanaishia kushusha tisa. Mwanzo kushusha, mwisho kushusha."

"Una uhakika?"

Mkurugenzi alinitazama. Nilihisi Jumatatu zote zilizobaki za maisha yangu zikinitazama pamoja naye.

"Tisini na tano."

Shangazi alifikiri kidogo. Alinijua, alijua nikisema maharage tisini na tano, huwa tunakula. Akabofya kidonge kimoja kutoka kwenye pakiti, akachukua chupa ya maji ya Mgeni Rasmi bila kuomba, akameza. Mpiga picha akapiga picha. Watu wakapiga makofi tena, maana siku hiyo walikuwa wameamua kupiga makofi.

"Mama, na ndoo je?" aliuliza Mkurugenzi kwa sauti ya chini.

"Ni nzuri. Fulieni." Akanishika mkono tushuke. "Haya, twende kliniki wakanipime. Siku zote hizi nimekunywa rangi."

Nilishuka naye ngazi, nikimshukuru Mungu kimoyomoyo na kuharakisha, kwa sababu kliniki ilikuwa inakaribia kufunga.