Bi Salamu Alipoacha Kusalimia

Kabla hajaanza kuwapita watu kama nguzo za umeme, Bi Salamu alikuwa mtu wa kusalimia mpaka anakuchosha. Jina hilo hakupewa bure. Mwendo wa kutoka kwake hadi kazini, ambao mwingine angeumaliza kabla chai haijapoa, yeye aliuvuta kama anavuta jiwe, maana kila mtu alikuwa na salamu yake. Fundi viatu aliulizwa habari za wajukuu, muuza maziwa habari za ng'ombe, na mtu aliyenuna aliulizwa habari za huko kununa. Akimwamkia mkubwa, goti lilitangulia na sauti ikafuata. Ukiwa na haraka, ulikuwa unabadilisha njia.

Kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa kwenye zahanati ya Daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, mtu wa kukusikiliza mpaka unajisikia wewe mwenyewe. Zahanati yenyewe haikuwa kubwa: chumba cha kusubiri chenye mabenchi, dirisha la dawa, maabara isiyozidi jiko, na chumba cha Daktari mwishoni, nyuma ya mlango mzito na pazia la kijani. Lakini kwa habari za wagonjwa wake, Daktari alikuwa na wivu kupita mume mwenye mke mzuri. Redio ya chumba cha kusubiri iliimba kutwa, si kwamba kuna aliyeipenda, bali maneno ya ndani yasipenye nje. Kompyuta ya mapokezi iliupa ukuta uso wake. Fundi wa maabara alipewa damu na jina la kipimo, basi. Wa dirisha la dawa alipewa jina la dawa na namna ya kuimeza, basi. Mgonjwa akipelekwa hospitali kubwa aliulizwa kwanza kama ameridhia, na barua yake ilibeba yale tu ambayo hospitali ingeyahitaji. Hata hesabu zilizopelekwa serikalini zilikuwa tarakimu tupu, hazina jina wala uso.

Na majina hayakuitwa kwa sauti. Ukiingia, Bi Salamu alikukabidhi kibao kidogo chenye picha: mwezi, kikombe, jani, ufunguo. Zamu ikifika aliita "Kikombe," na Kikombe akainuka taratibu akaenda nyuma ya pazia. Waliozoea kuja walikuwa na picha zao, na walinung'unika wakikuta mtu mwingine amezishika.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyomtesa Bi Salamu. Nje ya mlango ule, usimwanze mgonjwa kwa salamu. Akikusalimia, mwitikie, asipokusalimia, hukumwona. Daktari alimweleza sababu siku ya kwanza kabisa: ukimchangamkia mtu barabarani, aliye naye atamuuliza mmejuania wapi, na wewe utakuwa umemtwisha kazi ya kudanganya. Bi Salamu alielewa. Alielewa na akaumia, kwa sababu kumnyima mtu salamu kwake kulikuwa sawa na kumnyima maji. Alipiga moyo konde, akajifunza kuwapita.

Labda ndiyo maana aliota. Mchana, watu wakipungua na feni ikizungusha joto lile lile, alikuwa akisinzia kwenye kiti chake, na hapo ndipo walipokuja. Kikombe aliingia akiwa kikombe kweli, akitembea polepole asije akamwagika. Jani akaketi benchini, mwepesi, benchi lisijue kama limekaliwa. Ufunguo akasimama mlangoni asijue mlango upi ni wake. Mwezi alikuwa wa mwisho kila mara, na akiingia chumba kizima kilikuwa na rangi ya maziwa. Hakuna aliyekuwa na uso. Bi Salamu aliinuka akawasalimia mmoja mmoja, kwa mikono miwili, salamu zote alizowanyima barabarani, nao wakainama kumwitikia bila midomo. Aliamka na alama ya kona ya meza shavuni na moyo umetulia.

Huyo Mwezi, akiwa macho, alikuwa binti fundi cherehani. Alikuja zahanati mara kadhaa, kila mara na nyuzi zimemng'ang'ania kwenye mikono ya gauni na tepu ya kupimia shingoni, amesahau kuivua. Alikuwa anaumwa nini? Usiniulize. Bi Salamu hakuniambia, na angeniambia, wewe ungekuwa wa mwisho kupata.

Sasa Bi Salamu alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi umeme, kitinda mimba kwao. Alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na mpaka leo akimwona amesimama alishangaa nani alimruhusu kurefuka. Siku moja ya mapumziko kijana akasema analeta mtu nyumbani. Mama akafagia palipokwisha fagiliwa. Shangazi akaja mapema kupita mgeni, akachagua kiti kinachotazama mlango.

Upepo ukalisukuma pazia, mwanga wa nje ukamwagika sebuleni, na ndani ya mwanga huo akaingia Mwezi.

Bi Salamu alidhani amesinzia. Alingoja Jani na Kikombe wafuate. Badala yake akamsikia mdogo wake akitambulisha watu, akamwona mgeni akipiga magoti kwa Mama, kisha kwa Shangazi, halafu akainua macho na kumkuta yeye. Binti alishtuka, salamu ikamkwama. Bi Salamu naye alikuwa ameinuka nusu, mdomo wazi, mikono miwili tayari. Akakumbuka. Akaifunga mikono, akaufunga na mdomo, akarudi kitini, kimya kama maji mtungini.

Mdogo wake akamtania kwamba leo dada kaishiwa salamu, na watu wakacheka, hata mgeni akacheka kidogo. Shangazi peke yake hakucheka. Shangazi alikuwa mtu wa kujua mchuzi umezidi chumvi kwa kuutazama tu, na kwa muda mrefu kulikuwa na jambo lililomkera asilijue. Kwa nini mtoto wa kaka yake, anayesalimia hata mbuzi, alimpita mke wa muuza mikate kama hewa? Kwa nini alimpita mwalimu mstaafu? Mke wa muuza mikate mwenyewe alishasimulia sokoni kwamba anatibiwa kwa Daktari. Shangazi akaunganisha, taratibu, huku anakunywa chai ya watu.

Mgeni alipoondoka, akayamwaga. Alisema mbele ya Mama na mbele ya kijana mwenyewe kwamba huyu mtoto wao hakosi kumsalimia mtu ila mtu huyo awe mgonjwa wa kule kazini kwake. Akamgeukia Bi Salamu.

"Haya, tuambie. Huyo binti ana nini?"

Bi Salamu akainuka kitini. Akisema hamjui, amedanganya. Akisema hawezi kusema, amesema. Akajishughulisha na kukusanya vikombe. Shangazi akatangaza kwamba kwa hali hiyo posa isubiri, hawezi kwenda kukaa mikekani kwa watu kuomba asichokijua.

Mdogo wake alimfuata uani. Alikuwa na sura ile ya utotoni, ya kuangusha kitu na kungoja kama kimevunjika.

"Dada, sikuulizi ana nini. Nakuuliza kama nitakuja kuumia."

"Kaa naye, muulize mwenyewe."

"Kwa hiyo kuna cha kuuliza."

Bi Salamu akaona kwamba kila neno lake lilikuwa tundu, na kimya chake kilikuwa tundu kubwa zaidi. Miaka yote alijiona mlango uliofungwa vizuri, kumbe watu walikuwa wanasoma kwenye kufunga kwenyewe. Aliogopa. Kijana aliyemlea mgongoni alikuwa karibu kumwacha mwanamke anayempenda, na binti wa watu alikuwa karibu kuachwa, kwa sababu ya salamu ambayo haikutolewa.

Kesho yake aliingia kwa Daktari kabla redio haijawashwa, akatoa ya moyoni yote. Daktari hakumgombeza, na ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alivua miwani, akaiweka mezani. Alisema kosa ni la zahanati nzima na la kwake kwanza, kwani sheria aliitunga yeye, akafikiria mdomo tu, asifikirie watu wenye macho. Kisha akasema anayepaswa kujua kabla ya mwingine yeyote ni mwenye habari zake.

Wakamwomba binti aje. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, tepu shingoni, na Bi Salamu akamweleza bila kujipendelea: nilinyamaza, Shangazi amegundua, posa imesimama. Binti akaizungusha tepu kidoleni mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi.

"Nilikuja hapa kwa sababu hapa sina jina," alisema. "Sasa nimekuwa na jina, na liko mdomoni mwa shangazi yenu."

"Nimekukosea, mdogo wangu," alisema Bi Salamu, akalia waziwazi, bila kujali kwamba Daktari yupo.

Binti hakumbembeleza, na alikuwa na haki yake. Alitazama pazia la kijani likijaa upepo na kupungua, likijaa na kupungua. Mwishowe akaivuta tepu kidoleni, akainyoosha juu ya goti.

"Shangazi hatapata hata uzi," alisema. "Mdogo wako nitamwambia. Kwa mdomo wangu, kiasi ninachotaka mimi."

Alimwambia nini? Hapo tena nakuona unasogeza kiti. Ninachojua ni alichokiona Bi Salamu jioni hiyo akipita upande wa pili wa barabara. Dirisha la duka la cherehani lilikuwa wazi. Mdogo wake aliketi kwenye kigoda cha wateja, na binti alikuwa nyuma ya cherehani iliyonyamaza, anaongea, akitazama mikono yake. Jua lilikuwa linazama kwenye vitambaa vilivyoning'inia, na wote wawili walikuwa wekundu, halafu wa manjano, halafu wa bluu, kadiri upepo ulivyopeperusha nguo. Aliongea kwa muda. Kisha akamaliza, na Bi Salamu akashika ukuta wa watu. Kijana akainuka. Hakuelekea mlangoni. Alisimama katikati ya duka, akanyoosha mikono kama mtu anayekuja kushonewa, na binti akavua tepu shingoni akaanza kumpima mabega. Alimpima vibaya, tepu ikiteleza, kwa sababu alikuwa analia na kucheka.

Bi Salamu hakuwasalimia. Alikwenda zake miguu haigusi chini.

Posa ikaenda. Shangazi alikwenda nayo, akakaa mikekani, akala kupita waliomwalika. Lakini lile tundu lilibaki, na Bi Salamu hakulala vizuri. Daktari alidhani labda aruhusiwe kusalimia wote, wagonjwa na wasio wagonjwa. Bi Salamu akakataa. Akimchangamkia mgonjwa barabarani, lile swali la mmejuania wapi lingerudi pale pale. Njia ilibaki moja, naye aliiona siku nyingi, alikuwa anaikwepa tu. Asimwanze mtu yeyote. Mgonjwa, asiye mgonjwa, jirani, ndugu, wote wawe sawa, ili kimya chake kisiwe na maana yoyote.

Fundi viatu alidhani amemkosea. Muuza maziwa alidhani ana deni. Baada ya muda wakaacha kudhani, wakamwita Bi Maringo, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kama aliwahi kuitwa vingine. Aliyemsalimia aliitikiwa kwa mikono miwili, kwa furaha iliyomshangaza. Lakini wangapi humsalimia mtu wa maringo? Shangazi ndiye aliyeumia kuliko wote. Hesabu zake zilivurugika, mji mzima ukawa mgonjwa kwa siku moja. Tena akapitwa yeye mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na wenzake, na wenzake wakamtazama kwa jicho lile lile alilokuwa akiwatazamia watu. Aliapa kwamba hajawahi kukanyaga kule. Wakamwambia sawa.

Ilibaki siku moja, na Bi Salamu alijua inakuja. Alitoka kazini jua linawaka, kichwa bado kina ukungu wa usingizi wa mchana, na Mama akawa anakuja kutoka sokoni na majirani zake, kapu mkononi. Ndani ya nyumba aliamkia kama kawaida. Lakini hapa palikuwa barabarani, na macho yalikuwepo. Akimwamkia Mama na kuwapita wengine, hesabu ya Shangazi ingeanza upya. Na kama Mama naye ana kibao chake kule zahanati, cha jani au cha ufunguo, mimi sijui.

Tangu alipojua kusema hakuwahi kumpita mama yake bila shikamoo. Goti lilimlegea lenyewe. Alilikaza. Majirani walikuwa wamekwisha anza kukunja nyuso. Akainamisha macho, akaona viatu vya Mama vikikaribia kwenye vumbi, akaona vikisimama.

Mama aliweka kapu chini. Alimtazama binti yake kwa muda, mbele ya watu wote.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akachukua kapu lake wakaendelea na safari.