Uvimbe Umekua, Alisema Wifi

Wifi yangu alisimama kabla daktari hajamaliza kueleza.

"Umekua au haujakua?"

"Kwa upana, umekua kidogo," daktari alijibu, kalamu yake ikielekea kwenye kivuli katika picha ya ini la mume wangu. "Lakini dawa hii inaamsha kinga ya mwili. Wakati mwingine kinga hujazana ndani ya saratani, uvimbe ukatuna kwanza kabla ya kusinyaa. Tazameni hapa katikati, rangi tuliyomchoma mshipani haikuingia. Huenda pamekufa. Sina uhakika bado. Tuendelee na dripu, kisha tupige picha nyingine."

"Huenda, huenda! Kaka yangu si panya wa kujaribiwa." Akanigeukia mimi. "Na wewe unamleta kila mara atiwe sumu. Una haraka gani naye?"

"Wifi, chunga mdomo wako."

"Nichunge nini? Ulimkuta mzima!"

Mume wangu, fundi wa kuchomea vyuma asiyependa maneno mengi, alikunja mkono wa shati. "Daktari, nitundikie dripu."

Wifi akatoka, akaubamiza mlango.

Tuliporudi nyumbani tulikuta karakana wazi, mashine ya kuchomea haipo. Jirani alisema wifi alikuja na pikapu, akadai mgonjwa haponi tena. Nikampigia simu.

"Hiyo ni mali ya kaka yangu," alisema. "Wewe ulikuja na sanduku la nguo tu."

Nilimporomoshea matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Mume wangu alikuwa kitandani, homa imempanda, anajikuna ngozi. Alisikia yote.

Safari iliyofuata daktari aliziweka picha mbili sambamba. Uvimbe ulikuwa umenywea, na sehemu kubwa haikushika rangi. "Haujaisha," alisema, "lakini dawa inafanya kazi."

Mimi nililia. Mume wangu aliuliza kama anaruhusiwa kunyanyua kitu kizito. Akakatazwa.

"Basi utabeba wewe," aliniambia.

Tulikwenda moja kwa moja kwa wifi. Alikuwa mlangoni anachambua mchele, hakuinuka.

"Nani kakwambia nimekufa?" mume wangu aliuliza.

"Picha ilisema."

"Picha haikusema. Ulisema wewe."

Niliiburuta mashine hadi barabarani, jasho likinitoka, wifi akitazama tu.

"Mkimzika msinipigie simu!" alipiga kelele.

Mume wangu aligeuka. "Hatutakupigia."

Tangu hapo hajatia mguu kwetu, wala sijamwita.