Pengo Karibu na Ncha

Kwa kazi ya nyembe fundi huyu hakuwa na mpinzani, lakini masikio yake yalikuwa ya pambo tu. Mteja akitamka neno moja, yeye keshajua kumi.

Siku moja mama mmoja aliingia karakanani, akafungua leso na kumwekea mezani wembe wa kukunja ulioliwa na kutu.

"Mume wangu aliondoka kutafuta kazi, huu mwaka wa kumi na moja," alisema. "Juzi mtu kaniletea huu. Anadai ni wa mume wangu, na mwenyewe alishafariki. Nataka kuhakikisha, fundi. Wembe wake ulikuwa na..."

"Niachie mimi, mama," fundi akamkata kauli. "Hizi ndizo kazi zangu. Njoo Ijumaa."

Alitaka kumpoza, hapo tusimwonee. Aliuloweka wembe kwenye mafuta ya taa, akausugua kwa msasa laini mpaka herufi za kiwanda zikajitokeza shingoni. Mpini ulikuwa wa pembe halisi. Kwa alama ile, wembe ulimzidi yeye umri, na bila kujijua akaanza kuuamkia. Ila karibu na ncha makali yalikuwa na pengo, dogo kama punje ya mtama. Fundi aliliona kama tusi. Siku mbili nzima alisugua wembe kwenye jiwe la kunolea, akiyashusha makali yote taratibu, mpaka pengo likaisha na mstari ukanyooka. Akamalizia kwa mkanda wa ngozi, akajipongeza.

Ijumaa mama alifika mapema. Mng'ao hakuujali. Alikagua makali kutoka mwanzo hadi nchani, akageuza upande wa pili, akakagua tena. Kisha akavuta kiti na kukaa, macho yamemjaa machozi, na huku anacheka.

"Hauna pengo," alisema. "Wake ulikuwa na pengo, hapa karibu na ncha. Binti yetu aliuangusha bafuni. Kila baba yake akinyoa ndevu unamparura kidevu, na hataki unolewe, eti ni kumbukumbu ya mtoto. Huu si wake, fundi. Mume wangu yu hai."

 Fundi angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Mama, nisamehe. Pengo lilikuwepo. Nimeliondoa mimi."

"Lilikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapo nimekuonyesha mimi sasa hivi."

 Fundi alieleza habari ya jiwe, siku mbili, ile punje ya mtama. Alimwonyesha jinsi ubapa ulivyopungua, lakini wembe wowote mkongwe hupungua ubapa. Kadiri alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, naye alijiona hivyo hivyo.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo fundi hakumfanyia.

"Mwenyewe akitokea, mpe wembe wake," alisema kwa upole, akakunja leso yake tupu. "Mimi nawahi nyumbani. Huwa siachi mlango umefungwa muda mrefu, asije akafika akakosa mtu."

Akatoka kwa hatua nyepesi. Fundi alibaki mlangoni na wembe mkononi, yeye peke yake mtaa mzima akijua kwamba yule mama ni mjane.