Barua ya Kudai Vyeti

Mimi natia vitambaa rangi pale soko la Itoku, na shule sikwenda. Nasema mapema, asije mtu akaniuliza mambo ya walimu niliyajuaje. Sikuyajua, na ndiyo balaa lenyewe.

Binti yangu Anjola alifika miaka tisa hajui kusoma. Kule shule ya serikali walikuwa tisini darasani, na mwalimu wao, msomi wa chuo kikuu, hata jina la binti yangu halijui. Nikajibana, nikampeleka shule ya kulipia ya Madamu Ajibike. Huko akamkuta Mwalimu Folasayo, msichana mwembamba, mpole wa sauti lakini hana mchezo. Kufika Pasaka mtoto akashika kopo langu la rangi, akasoma, kisha akanisuta: mama, hii imeshapita muda wake tangu mwaka jana. Nililia, na msinicheke.

Mwezi uliofuata Madamu akapandisha ada. Wazazi tukakutana, kila mtu na hasira zake. Baba Durosinmi, yule mziba pancha, akasema shule hizi zinaokota walimu barabarani. Damu ikanichemka. Nikasimama nikasema, kama tunalipa, basi tuonyeshwe vyeti vya walimu wote, na asiye nacho aondoke. Wakanipigia makofi, na makofi nayo hulevya. Wakaniambia nilete barua.

Sasa barua naiandikaje mimi? Nikamwendea Mwalimu Folasayo baada ya vipindi. Kwangu mimi, mtu anayefundisha vile cheti hakosi. Akanisikiliza, akachukua kalamu, akauliza swali moja tu.

"Walimu wote, Mama Anjola?"

"Wote. Asibaki hata mmoja."

Akaandika. Aliponisomea, maneno yalikuwa matamu kuliko yalivyotoka kinywani mwangu. Nikapiga dole gumba, na wino haukuhitajika, maana vidole vyangu havikosi rangi. Wazazi wengine wakatia sahihi chini yangu.

Madamu hakubisha. Wiki mbili hazikupita, walimu wanne wakaondolewa, na vyeti vya waliobaki vikatundikwa ukutani kwenye fremu. Folasayo alikuwa mmoja wa wale wanne. Kumbe alimaliza sekondari tu. Chuo cha ualimu alichaguliwa mara mbili, na mara zote mbili ada ikaishia kwenye matibabu ya baba yake. Niliposikia nilikaa chini sokoni, watu wakadhani naumwa.

Nafasi yake akapewa Bwana Oyewusi. Cheti chake ndicho kikubwa kuliko vyote pale ukutani, na kinasema amesomea ufugaji wa samaki. Si mtu mbaya. Anaandika ubaoni, watoto wananakili, yeye anarudi kwenye simu yake. Mtihani wa kuingia sekondari ukawa unakaribia, na Anjola akaanza tena kukariri huku akijifanya anasoma. Mimi mama ndimi niliyejipalia makaa, lakini anayeungua ni mtoto.

Nikaenda kwa Folasayo, nikamkuta anachambua maharage. Nilijiandaa kutukanwa, na kusema kweli ningefurahi.

"Kwa nini uliiandika ile barua?" nikamwuliza. "Si ungeniambia tu."

"Ningekuambia nini, Mama? Kwamba usidai?" Hakuinua macho. "Ulikuwa na haki. Mtoto anayelipiwa afundishwe na mtu aliyesomea kufundisha. Ningekuwa na mtoto, hata mimi ningeidai."

"Lakini wewe ndiye uliyemfundisha wangu kusoma."

"Ndiyo," akasema, akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharage.

Alikuwa sawa, nami nilikuwa sawa, na mtoto hasomi. Nikamwuliza kama nimtoe Anjola kwa Madamu. Akasema hapana, bila shule iliyosajiliwa hataruhusiwa kufanya mtihani. Nimwache kule, ila nimlete kwake Jumamosi asubuhi. Basi kule nalipa ili mtoto wangu awe na shule, na huku nalipa robo ya kule ili ajue kusoma. Nimejaribu kuyapanga haya kichwani nikisuuza vitambaa, na bado hayapangiki. Mjinga nani hapa, kama si mimi?

Jumamosi nikampeleka. Barazani kwa Folasayo palitandikwa mikeka, na watoto kumi na mmoja walikuwa wameshakaa. Binti mmoja wa mbele, viatu vyake vyeupe amevipanga pembeni, akapiga goti kunisalimu. Nikamtambua. Alikuwa mjukuu wa Madamu Ajibike, yule anayeishi naye.

Nikamwinamia, nikamwuliza taratibu nani kamleta.

"Bibi," akasema. "Ananileta kila Jumamosi. Amenikataza kumwambia mzazi yeyote."

Nikamwambia Anjola avue viatu, akae karibu naye.