Ubelgiji kwa Haradali

Mume wangu Merv alikata nyama pale Eudunda kwa miaka arobaini na sita, na muda wote huo mimi na yeye hatukuwahi kukubaliana jina la soseji moja.

Ni ile nene, yenye ngozi ya rangi ya chungwa, inayokatwa vipande vyembamba vya kuweka kwenye mkate. Huku kwao Australia Kusini wanaiita fritz, na ukiiita vingine wanakutazama kama mwizi. Mimi ni mtu wa Tasmania. Kwetu inaitwa Ubelgiji. Babu yangu alisema zamani ilikuwa na jina la Kijerumani, vita vikaja, watu wakaona haya kumtafuna adui, wakaipa jina la nchi iliyoonewa. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba niliahidi sitaiita fritz mpaka naingia kaburini, na mimi nikishikilia jambo nimeshikilia.

Siku ya kwanza kuingia katika bucha yake nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipenya kwenye vile vipande vya plastiki vya mlangoni vya kuzuia nzi, nikaomba Ubelgiji. Merv hakucheka. Alikata kipande kimoja, akakikunja, akanipa juu ya kioo cha kaunta, jinsi kila mwenye bucha wa huku anavyompa mtoto aliyekuja na mama yake.

"Onja kwanza," akasema, "halafu uniambie kama ina ladha ya nchi yoyote."

Nikala palepale. Nilikwisha siku hiyo, kusema kweli.

Sasa ana miezi saba katika nyumba ya wazee, na jina langu limemtoka. Hilo nilikuwa nimeanza kulizoea. Lakini Februari hii, joto likiwa limekaa juu ya mji halitaki kuondoka, aliacha kula. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Alikunywa chai tu, akaukataa uji, mayai na hata custard, ile krimu tamu ya maziwa anayoipenda.

"Lorna, mpenzi, daktari anasema tujiandae," akaniambia Shelley, muuguzi wake. "Mwili wenyewe hauna shida. Ni kama ameamua tu."

"Merv hajawahi kuamua kitu bila kuniuliza."

"Basi mletee anachokipenda. Anapenda nini?"

"Sandwichi. Mkate mweupe, siagi mpaka ukingoni, sosi ya nyanya, na ile soseji."

"Aa, poloni!" Shelley amezaliwa Perth, na huko nako wana jina lao.

"Usianze na wewe," nikamwambia.

Nikamletea. Kila siku mchana nilipitia mlango wa ukumbini, nikaketi mbele yake, meza katikati yetu, nikamsogezea sahani. Na kila siku alifanya yaleyale. Aliipangusa meza kwa kitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, akaweka mikono juu yake, akanitazama kwa heshima zote.

"Nani anafuata? Ndiyo, bibi?"

"Kula, Merv."

"Hiyo ni yako, bibi. Mpe mtoto." Na sahani inarudi kwangu.

Siku ya nane ya kumletea sandwichi nilimfokea. Nilimwambia ananiua, kwamba kama anataka kwenda aende bila kunifanya nimtazame akikauka. Wazee wengine waliacha kutazama runinga wakanitazama mimi. Merv aliinamisha kichwa, akasema kwa upole, "Pole, bibi. Nyama haikuwa nzuri?" Nikalia. Niliona aibu, lakini nikalia.

Nadhani nililala palepale kwenye kiti. Feni ilikuwa inazunguka polepole, mwanga wa saa saba ukipita kwenye pazia, na taratibu ukumbi ule ukaanza kunukia maranda ya mbao, yale tuliyokuwa tunamwaga sakafuni zamani. Nikawa ndani ya bucha. Watoto walikuwa wengi mno, wa miaka yote kwa pamoja, wengine najua wameshakufa, wote wamenyoosha mikono juu ya kioo. Merv aliwakatia mmoja mmoja, na kisu hakikutoa sauti. Kila mdomo mle ndani ulikuwa unatafuna isipokuwa wa kwake. Nikamwuliza mbona wewe huli. Akanionyesha mlango kwa kidevu: kibao kilikuwa bado kimegeuzwa upande wa KARIBU.

Nikazinduka, wazee wengine wameshapelekwa vyumbani kupumzika, na kitu kikaniingia moyoni nikakijua.

Baba yake Merv alimfundisha hivyo tangu akiwa kijana: mteja asimwone mwenye bucha akitafuna. Akiwepo mtu hata mmoja mbele ya kioo, huli, hata uone njaa ya namna gani. Miaka yote tulikula baada ya kugeuza kibao na kushusha pazia, chumba cha nyuma, tumekaa bega kwa bega juu ya masanduku. Yeye na sosi yake ya nyanya, mimi na haradali yangu na tango la siki. Nami kwa siku nane nilikuwa nimeketi mbele ya meza yake, upande wa wateja, nikimwomba ale. Mwanamke mjinga! Mtu hakuwa anakufa, alikuwa kazini.

Nikainuka, nikafunga pazia la dirisha, kisha mlango wa ukumbini. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Tumefunga, Merv. Wa mwisho ametoka."

Akashusha pumzi ndefu. Mikono yake ikaenda nyuma ya kiuno, ikafungua aproni ambayo haipo, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani.

Nikazunguka meza nikaketi ubavuni mwake. Ningefanya lolote saa ile. Nikamsogezea sandwichi, nikasema neno ambalo sikuwahi kulitoa kinywani tangu nizaliwe.

"Fritz yako hii."

Akauma. Akatafuna polepole, akameza, akauma tena. Sosi ikamtiririka kidevuni na sikuthubutu kuifuta. Alimaliza nusu nzima, kisha akanigeukia.

"Mke wangu haiiti hivyo," akasema.

"Anaiitaje?"

"Ubelgiji." Akacheka kifuani. "Mbishi yule, we acha tu! Nimemwambia, nimemwambia. Siku akiiita fritz nitajua si yeye."



Akaivuta sahani, akaitenga ile nusu iliyobaki, akaifunika kwa kitambaa chake. "Hii ni yake. Ila yeye hataki sosi. Una haradali?"

"Ninayo." Kweli ninayo, hukaa mkobani mwangu. Nikafunua mkate, nikaondoa sosi nilivyoweza, nikapaka haradali. Yeye aliukagua mkono wangu kama anamkagua msaidizi mpya.

"Atakuja?" nikamwuliza.

"Hakosi. Mbele tumefunga, atapita mlango wa nyuma."

Nyuma ya kiti chake kuna mlango wa kioo unaotokea bustanini. Kwa miezi saba sikuwahi kuutumia. Nikanyanyuka taratibu, nikatoka kwa mlango wa ukumbini, nikampita Shelley bila kumsemesha, nikazunguka jengo zima chini ya lile jua, huku magoti yananiuma. Mbele ya kioo nilisimama nikaweka nywele sawa. Kisha nikafungua.

"Merv, nimefika."

Hakugeuka. Alisogea kidogo kwenye kiti, akaniachia nafasi, akafunua kitambaa.

"Umechelewa, Lorna. Ubelgiji wako huo, kaa ule."